NFS kwenye klasta: IP imehama, faili je?

NFS ni njia ya kushirikisha faili kupitia mtandao. Klasta hapa ni seva mbili (nodi) zinazopokezana huduma hiyo, na anwani ya IP huhamia ile iliyo hai.

Dhana: IP inayohama ikijibu kwenye nodi ya pili, kazi imekwisha.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Kompyuta iliyofungua faili haishiki jina lake. Imeshika kitambulisho ilichopewa na seva, na ndani yake mna namba ya mfumo wa faili. Nodi ya pili ikija na namba nyingine, IP inahama vizuri kabisa, kisha kila programu inalalamika "Stale file handle", yaani kitambulisho hakitambuliki tena. Weka namba hiyo sawa, `fsid=1`, kwenye `/etc/exports` (orodha ya folda zinazotolewa) ya nodi zote mbili; 0 iache, ni ya mzizi wa NFSv4. Hapo hapo ondoa `async`: seva hujibu kwamba imeandika ilhali data bado iko kwenye RAM.

Mpangilio wa kuwasha katika Pacemaker (programu inayosimamia huduma za klasta) ni DRBD (inayonakili diski kati ya nodi), kumaunti diski, NFS, eksipoti, IP mwisho. IP ikitangulia, kompyuta zinagonga seva isiyo na kitu cha kutoa.

Dhana: kwa nodi mbili tu, STONITH (kuizima kwa nguvu nodi isiyojibu) ni mbwembwe.

Kebo kati yao ikikatika, kila moja huamini mwenzake amekufa. `two_node: 1` ya Corosync (programu ya mawasiliano kati ya nodi) inairuhusu nodi moja kuendelea peke yake, lakini haiamui ni ipi. Kwenye diski ya pamoja, mfumo wa faili kama XFS au ext4 uliomauntiwa pande zote mbili huharibika; kwenye DRBD utalazimika kutupa maandishi ya upande mmoja. IPMI, kidhibiti cha ndani ya seva kinachotumika kuizima kutoka mbali, nayo ina mtego: inakula umeme wa seva ile ile. Plagi ikichomoka, IPMI haijibu, Pacemaker haipati uthibitisho kwamba nodi imezimwa, na huduma haihami. Ongeza PDU (soketi za umeme zinazozimwa kupitia mtandao) kama ngazi ya pili.

Dhana: watumiaji hawatahisi kitu.

Watahisi. NFSv4 kwenye Linux ikiwaka huweza kungoja hadi sekunde 90 ili kompyuta zilizokuwa na kufuli za faili kabla ya kuhama zizidai tena. `ls` inafanya kazi, kufungua faili kunaganda. Fundi mwenye haraka huwasha NFS upya, na hesabu inaanza tena. Muda huo hupunguzwa kwa `grace-time` na `lease-time` ndani ya `/etc/nfs.conf`. Kukimbilia chaguo la `soft` wakati wa kumaunti kwenye kompyuta ya mtumiaji si dawa. Programu hupewa kosa katikati ya kuandika. Baki na `hard`, inayongoja hadi seva irudi.

Dhana: `pcs node standby` (amri ya kuipumzisha nodi) imefaulu, basi jaribio limepita.

Standby huzima kila kitu kwa adabu. Anzisha `dd` (amri ya kuandika data mfululizo) kwenye kompyuta ya mtumiaji, kisha chomoa waya wa umeme wa nodi inayotoa huduma.