Daftari la vitabu si kazi ya shule

Wiki hii nimeisikia tena, mara ya tatu, mezani pangu maktabani: "Nilianza kuorodhesha vitabu ninavyosoma, nikaacha. Sina muda wa kuandika muhtasari."

Kwani nani alikutuma uandike muhtasari?

Hii ndiyo dhana inayoua madaftari mengi. Mtu hununua daftari zuri, kitabu cha kwanza akakiandikia kurasa tatu: wahusika, dhamira, mafunzo, utadhani kuna mwalimu atakayesahihisha. Cha pili, nusu ukurasa. Cha tatu anakimaliza usiku wa manane, anasema ataandika kesho. Akifika cha tano ana deni la vitatu, na deni hilo linamtia uvivu hata wa kufungua cha sita. Alichokifuata kwa starehe kimekuwa kibarua.

Mstari mmoja unatosha: jina la kitabu, mwandishi, tarehe ya kumaliza. Charles Darwin, mwanasayansi ambaye kalamu haikumshinda, aliweka madaftari ya alivyosoma kuanzia 1838 hadi 1860. Sehemu kubwa ni majina tu, hapa na pale neno moja la maoni.

Ukitaka zaidi, ongeza sentensi moja, lakini iandike kitabu kikiwa kimefungwa. Hapo sibembelezi mtu. Ukinakili ya nyuma ya jalada, umenakili maneno ya muuzaji. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakajaribu kukumbuka bila kutazama. Dakika tano baadaye waliorudia walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Sentensi kama "bibi alijua tangu mwanzo, na mimi sikumshuku" itakurudishia hadithi nzima miaka mitano baadaye.

Visingizio vingine navyo navisikia. "Nisichomaliza hakihesabiwi." Andika uliishia ukurasa gani na kilichokuchosha. Hata Darwin alitia alama kwenye alivyopitia juujuu.

"Kurudia kitabu ni kudanganya hesabu." Hesabu ya nani? Kiandike upya kwa tarehe mpya. Vya kusikiliza navyo viandike, weka S pembeni ukipenda.

"Bila programu ya simu haiwezekani." Goodreads, huduma ya mtandaoni ya kuorodhesha vitabu, ilianza 2007, orodha zilikuwapo kabla yake. Itumie ikikufaa, ila pakua nakala yako mara kwa mara, maana siku huduma ikifungwa hutakuwa na wa kumdai.

Kuhusu malengo ya idadi, niseme tu kwamba kila Desemba nawaona watu wazima wakipima unene wa vitabu kwa vidole.

Na anayeniambia amechelewa, kwa kuwa hakumbuki alivyosoma miaka kumi iliyopita: viache hivyo. Andika kilichoko kando ya mto wako wa kulalia sasa, hata kama umekwama ukurasa wa 12.