Maana ya uhusiano wa mpangilio katika kimiminika kilichobanwa

Anayepika kashata za karanga anajua kwamba sukari iliyoyeyuka, ikimwagwa kwenye sinia na kupoa haraka, hukakamaa na kung'aa bila kurudi kuwa chengachenga. Sukari hiyo imekuwa kioo: molekuli zake zimekwama zikiwa shaghalabaghala kama zilivyokuwa majimaji, kwa kuwa hazikupata wasaa wa kujipanga safu kwa safu kama fuwele. Fumbo la vimiminika vya aina hii ni kwamba vikipozwa mnato wake huongezeka zaidi ya mara bilioni, ilhali mpangilio wa molekuli, ukichunguzwa kwa eksirei, hubadilika kidogo mno.

Uhusiano wa mpangilio ni kadiri ambayo mahali ilipo molekuli moja panakuwezesha kubashiri zilipo nyingine, na katika kimiminika cha kawaida ubashiri huo hufifia baada ya umbali wa molekuli chache tu. Njia mojawapo ya kuupima ni kukibana kimiminika chenyewe kati ya kuta mbili zilizoachana kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache. Molekuli zinazogusa ukuta hulazimika kukaa tabaka, tabaka hilo huliathiri la pili, na la pili la tatu, hata athari ikazimika; kwa hiyo densiti, kutoka ukutani kuelekea ndani, hupanda na kushuka kama mawimbi yenye urefu unaokaribia kipenyo cha molekuli. Kuta zikisogezwa karibu zaidi, mawimbi ya pande zote mbili hukutana, yakapandana au yakavurugana kulingana na upana uliobaki.

Mawimbi hayo, hata hivyo, hayaoneshi kila kitu. Mwaka 2004 wanafizikia Jean-Philippe Bouchaud na Giulio Biroli walipendekeza kipimo ambacho kwangu ndicho makini zaidi: zigandishe molekuli zote zilizo nje ya tundu la kufikirika, kisha ziache za ndani zijipange upya. Zikirudia mpangilio uleule, tundu ni dogo kuliko urefu wa uhusiano. Zikipata mpangilio mwingine, ni kubwa. Majaribio ya kompyuta yameonesha kwamba urefu huo hukua kadiri kimiminika kinavyopoa.

Kukibana kimiminika, lakini, si lazima kukifanye kiwe kigumu zaidi. Utando wa polistirini, plastiki inayotengenezewa maboksi meupe ya chipsi, kwa kawaida hulainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi. Mwaka 1994 ulipopimwa ukiwa na unene wa nanomita 10 juu ya silikoni, ulilainika takribani nyuzi 25 chini ya hapo, na wengi wanaona chanzo ni upande wake wa juu, ulioachwa wazi hewani.