Je, wajua kwa nini mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka?

Mwezi Agosti nchi ya Wagogo huwa imekauka kabisa. Uwele na mtama vimeshavunwa, mibuyu imepukutisha majani, na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu. Lakini ukishika barabara ya Kondoa kutoka Dodoma mjini, au ukiingia vijiji vya Hombolo, Mpunguzi na Mbabala, unakutana na mashamba ya kijani yenye vishada vilivyoiva. Na mashamba hayohayo yalikuwa yameshavunwa mara moja, Februari na Machi. Ufaransa, Italia na hata Afrika Kusini, mkulima wa zabibu za mvinyo huvuna mara moja kwa mwaka. Inakuwaje basi mkoa unaopata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu, mkoa ambao wazee wake waliipa kila njaa kubwa jina lake, uvune mara mbili?

Jibu linaanzia kwenye baridi, au tuseme ukosefu wake. Huko Ulaya mzabibu hulala. Majira ya baridi yakiingia unapukutisha majani, unakaa miezi kadhaa kama kuni kavu, kisha joto likirudi unachipua. Msimu ndio unaouamuru. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, na baridi ya kuulaza mzabibu haipo. Mti ukiachwa wenyewe utaendelea kurefuka na kutoa majani ovyo, huku matunda yakija machache na kwa nyakati tofauti. Kwa hiyo kazi inayofanywa na theluji kule, hapa inafanywa na mkulima kwa mkasi.

Akishavuna, mkulima hupunguza maji kwa muda ili mti upumzike. Kisha anaingia shambani kupogoa: anakata matawi ya msimu uliopita na kuacha vijiti vifupi vyenye macho machache. Maji yanarudishwa. Ukifika siku hizo uiname uangalie ncha ya tawi lililokatwa, utaona tone la maji safi limejikusanya, linadondoka, na lingine linatokea. Ni maji yanayopanda kutoka kwenye mizizi, dalili kwamba mti umeamka. Baada ya hapo macho yanavimba na kupasuka, na kwenye chipukizi changa kabisa, kabla majani hayajakunjuka vizuri, kishada kidogo kinaonekana tayari. Kishada hicho kilianza kuumbwa ndani ya jicho tangu msimu uliopita, na ili kiumbike vizuri kilihitaji mwanga na joto, vitu ambavyo Dodoma inavyo kwa wingi. Kutoka kupogoa hadi kuvuna ni kama miezi minne au mitano. Hesabu hiyo inatosha mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Bonde la mto São Francisco, kaskazini mashariki mwa Brazili, nako ni nchi kame ya tropiki, na wakulima wake hutumia mbinu ya namna hiyohiyo.

Lakini joto na mkasi peke yake havitoshi. Vingetosha, Tanga nayo ingekuwa na mashamba ya zabibu za mvinyo. Adui mkubwa wa mzabibu ni ukungu, na ukungu hupenda hewa yenye unyevu. Hewa ya Dodoma ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo majani na vishada hupata nafuu. Halafu kuna mwinuko. Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 14 hivi, kiasi cha kutafuta sweta. Usiku wa namna hiyo huisaidia zabibu kuhifadhi uchachu wake wakati mchana jua linaijaza sukari. Mvinyo usio na uchachu ni mzito na unachosha mdomoni haraka, hata kama zabibu yake ilikuwa tamu sana.

Hapo ndipo mavuno mawili yanapotofautiana. Yale ya Februari na Machi huangukia masika ya Dodoma, maana mvua huku hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili. Zabibu inayonyeshewa ikikaribia kuiva hunywa maji, sukari yake inapungua ukali, wakati mwingine ganda linapasuka na ukungu unapata mlango. Yale ya Agosti na Septemba yanaivia kwenye ukavu mtupu, na maji yanayofika kwenye mizizi ni yale anayoyatoa mkulima. Kwa maoni yangu, anayetaka kuijua zabibu ya Dodoma aje Agosti.

Maji yenyewe hutoka chini ya ardhi au kwenye mabwawa kama lile la Hombolo, na wengi sasa huyapeleka kwa mipira ya matone. Hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, ndilo ambalo visima vyake vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na tangu Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia huku kwa dhati, jiji limekua kwa kasi. Mzabibu hauhitaji maji mengi ukilinganisha na mpunga, lakini visima ni vilevile, na kila tone linalopotea shambani lina mtu mwingine anayelihitaji.

Zabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki katikati ya karne iliyopita. Walihitaji divai ya misa, na Bihawana hutajwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Baadaye Serikali ikaweka kituo cha utafiti Makutupora, ambacho leo ni TARI Makutupora, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Jina la mahali hapo ndilo linalobebwa na zabibu nyekundu inayotambulika zaidi Dodoma. Zipo pia Syrah, Cabernet Sauvignon, na Chenin Blanc kwa mvinyo mweupe.

Ukitembelea wakulima utasikia wakizungumzia mchuzi. Ni zabibu iliyosagwa na kuchachushwa, ikahifadhiwa kwenye matangi kusubiri mnunuzi. Ulizaliwa na shida: zabibu ikiiva haisubiri, na kiwanda kisipokuja kwa wakati, jasho la miezi mitano linaoza shambani. Mchuzi humpa mkulima muda wa kujadiliana bei. Omba uuonje kabla haujachujwa. Umevurugika rangi, una ukakasi unaokausha ulimi, na harufu yake ni ya zabibu yenyewe kuliko chupa nyingi za dukani. Asiyekunywa pombe naye hakosi kitu, kwani msimu wa mavuno zabibu mbichi huuzwa kando ya barabara zikiwa kwenye vikapu na maboksi, na juisi na zabibu kavu pia zipo.

Kufika kumekuwa rahisi. Tangu mwaka 2024 treni ya SGR inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa chache tu, ikipita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa, na hapo inafaa kukaa dirishani. Tahadhari moja: stesheni ya SGR iitwayo Makutupora iko Manyoni, mkoani Singida. Makutupora ya zabibu ni nyingine, na kwa hiyo shuka Dodoma.

Ukiweza, panga siku ya Jumamosi iwe ya barabara ya Kondoa, kwa sababu siku hiyo kuna mnada wa Msalato. Mbuzi wanachomwa tangu asubuhi, unachagua paja au mbavu, unakatiwa vipande kwenye ubao, chumvi na pilipili pembeni. Nyama hiyo yenye mafuta na moshi ndiyo mwenza wa kweli wa mvinyo mwekundu wa Makutupora usiotiwa utamu, maana ukakasi wake unakata mafuta. Usiunywe katika joto la saa nane mchana. Upooze kidogo kwanza. Mweupe wa Chenin Blanc uweke kwa kuku wa kienyeji, au kwa ugali wa uwele na mlenda. Najua wageni wengi huuogopa mlenda kwa utelezi wake, lakini ukiwa umepikwa na karanga ni chakula cha heshima, na uchachu wa mvinyo unausafisha mdomoni vizuri sana. Anayeendesha gari asionje.

Jioni panda Mlima Simba uone jinsi miamba ya granaiti ilivyotawanyika kwenye tambarare. Na ukisikia wanawake wa Kigogo wanapiga ngoma za muheme mahali fulani, simama. Mwenye siku ya ziada aendelee na barabara ileile hadi Kolo, karibu kilomita 180 kaskazini, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kuna zaidi ya mapango na vibanda vya miamba 150 vyenye michoro, na unahitaji mwenyeji wa kukuongoza kwa miguu.

Kuhusu kubeba nyumbani: mvinyo uliomiminwa kwenye chupa za maji za kando ya barabara unywe ndani ya siku chache, kwa sababu umeshapata hewa na utageuka siki. Wa kupeleka Dar au Mombasa nunua uliofungwa vizuri kiwandani, ulaze chini ya kiti cha treni, usiuache kwenye buti la gari juani. Ukifika, utafutie kona ya giza ndani ya nyumba, mbali na jiko.