Ukemi: Kuupokesha Mwili Anguko

Ukemi ni neno la Kijapani lililotokana na kitenzi ukeru, yaani kupokea, likaunganishwa na mi, yaani mwili. Wengi hulieleza kuwa ni ufundi wa kuanguka bila kuumia. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanapunguza uzito wa neno, kwa sababu kuanguka ni jambo linalompata mtu, ilhali kupokea ni jambo analolitenda mwenyewe. Katika judo, mchezo wa mapigano wa Kijapani wa kushikana na kutupana, anayetupwa si gunia. Ana kazi yake, na kazi hiyo hufundishwa kabla ya mtupo wowote.

Sababu yake imo katika namna judo yenyewe ilivyojengwa. Jigoro Kano, aliyekuwa amejifunza jujutsu, sanaa ya zamani ya mapigano ya Kijapani, katika mikondo ya Tenjin Shin'yo na Kito, alianzisha judo mwaka 1882 katika hekalu la Eishoji mjini Tokyo, akaipa nafasi kubwa randori, yaani mazoezi huru ambamo wawili hushikana na kila mmoja akajaribu kumtupa mwenzake bila mpango waliokubaliana kabla. Mtu hawezi kutupwa mara thelathini kwa jioni moja, kisha akarudi kesho yake, kama mwili wake haujui kupokea. Na anayeogopa kuanguka hukakamaa, akanyoosha mikono kumzuia mwenzake, hata wote wawili wasijifunze kitu.

Tuutazame ukemi wa nyuma, ambao ndio wa kwanza kufundishwa. Mwanafunzi huanza akiwa amelala chali, baadaye akiwa amechutama, na mwisho akiwa amesimama. Hukunja kidevu kifuani na kuyaelekeza macho kwenye fundo la mkanda wake, ili kisogo kisiguse mkeka. Mgongo huviringa kama tumbo la mtumbwi, naye hutoa pumzi huku mikono yote miwili ikiupiga mkeka, viganja vikitazama chini, kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45 kutoka ubavuni. Mikono ikipanuka mno, bega huumia. Ikibanwa mno, mwili huweza kuilalia. Pigo hilo linahitaji wakati wake hasa: likiwahi, mkono hubeba uzito peke yake, likichelewa, mgongo umeshapokea kila kitu. Mwalimu mzoefu huweza kulitambua kosa kwa kusikiliza tu, maana anguko zuri hutoa mlio mmoja mpana, na anguko baya hutoa miwili.

Kinachofanyika hapo ni kuugawa mshindo juu ya eneo kubwa la mwili na kuurefusha muda wa kusimama kwake, badala ya kuuacha utue kwenye kiwiko au kiuno. Zaidi ya hayo, mkono uliokwisha kuzoea kupiga mkeka haukimbilii tena kujichomeka chini ukiwa umenyooka, kosa la silika ambalo huvunja kifundo cha mkono na mtulinga.

Ukemi wa ubavu hufuata kanuni hiyo hiyo kwa mkono mmoja. Ule wa kubingirika mbele ni mgumu zaidi, nao kwa maoni yangu ndio mzuri kuliko zote: mwili hupita juu ya ukingo wa mkono, ukapanda kwenye bega, ukakata mgongo kwa mshazari hadi nyonga ya upande wa pili, na kichwa kisiguse chini hata kidogo. Wanaojifunza aikido, sanaa nyingine ya mapigano ya Kijapani, huutumia mno, mara nyingi bila kupiga mkeka, wakainuka kwa mwendo ule ule walioingia nao.

Umuhimu wa kidevu kilichokunjwa ulijadiliwa sana nchini Japani mwaka 2012, sanaa za mapigano zilipofanywa somo la lazima katika shule za sekondari za chini na wazazi wakahofia majeraha ya kichwa. Mtupo uliotajwa mara nyingi ni osoto-gari, unaofyeka mguu kwa nyuma na kumwangusha mtu moja kwa moja kisogoni. Kwa anayeanza, ukemi wake peke yake hautoshi hapo. Ndiyo maana anayetupa hufundishwa kutouachia mkono wa koti la judo la mwenzake: huushika na kuuvuta juu hadi mwisho wa anguko, ili kifua cha mwenzake kigeuke kidogo na kichwa kibaki hewani mpaka mgongo umekwisha kutua.