Arifa si ujumbe

Wiki iliyopita, katika grupu letu la Telegram la watu wachache tunaoandika programu hapa Kisumu, iliingia arifa kwamba msaidizi wa AI anaomba ruhusa ya kuendesha amri fulani kwenye kompyuta ya mmoja wetu. Mwenye kompyuta alikuwa ameenda ufuoni Dunga kula samaki. Akiwa hukohuko, vidole vimelowa mafuta ya ngege, akajibu kwenye grupu: "Sawa, endelea." Wengine wakaweka dole gumba. Saa mbili baadaye alirudi ofisini akakuta kompyuta iko vilevile alivyoiacha, swali limekaa kwenye skrini likimngoja. Akawaka: "Yaani imeniandikia ujumbe, nimeijibu, halafu inanipuuza?"

Hii ni mara ya tatu au ya nne nasikia lalamiko hilo mwaka huu, na kila mara neno ni lilelile: ujumbe.

Arifa ni tangazo fupi ambalo programu hulitoa pindi jambo fulani linapotokea, ili ujue kwamba limetokea. Basi. Wengi huiita notifikesheni, na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kuiita ujumbe.

Arifa limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu, ayn, ra na fa, ambao kiini chake ni kujua. Kiswahili kimechota katika kisima hicho mara nyingi. Kuarifu ni kumfanya mtu ajue. Maarifa ni yale unayoyajua. Maarufu ni anayejulikana. Taarifa ni maelezo ya kukujulisha, na hata lile neno tariff linalotuumiza kwenye bili ya stima ni ndugu yake wa damu: lilitoka Kiarabu, likapita kwa Waitaliano, likafika kwa Waingereza, likaturudia likiwa na bei. Pitia ukoo huo wote, hutakuta safari ndani yake, wala mtu aliyetumwa, wala jibu. Kuna kujua tu.

Ujumbe ni wa ukoo mwingine. Humo ndani kuna mjumbe, mtu mwenye miguu. Anatumwa, anafika, anakaribishwa kiti, anasema alilotumwa, anasikiliza unavyojibu, kisha anarudi nalo jibu alikotoka. Wazee walisema mjumbe hauawi, na mimi huongeza sababu yangu ya kibinafsi: ukimuua, jibu lako litarudishwa na nani? Sisi Wakenya hata mbunge tunamwita mjumbe kwa matumaini hayohayo, na manung'uniko yetu juu yake huwa ni moja, kwamba tulimtuma Nairobi na hajarudi na neno. Tulichagua mjumbe, tukapata arifa.

Sasa tazama kilichotokea siku ile ya ngege. Wasaidizi hawa wa kuandika programu, Claude Code akiwa mmoja wao, huendeshwa ndani ya kompyuta yako, kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Waliowatengeneza wameacha kulabu, kwa Kiingereza hooks, mahali maalumu katika mwendo wa kazi. (Wapo wanaoziita ndoana. Naelewa, tuko ufuoni na mbuta wananaswa kwa ndoana. Lakini ndoana hunasa, ilhali kulabu ni ya kutundikia, kama ile ya mwenye bucha. Hapa unatundika amri yako mwenyewe.) Kulabu mbili ndizo zinazotumika sana kwa arifa. Moja inaitwa Notification, ambayo huamka msaidizi anapohitaji ruhusa yako, au akikaa bila wewe kumwandikia chochote. Nyingine ni Stop, ambayo huamka anapomaliza zamu yake ya kujibu. Kumaliza zamu, tafadhali. Hiyo haina maana kwamba programu yako inafanya kazi.

Mwenzetu alikuwa ametundika kwenye kulabu ya kwanza mistari michache inayopeleka maneno kwa Telegram kupitia boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu badala ya mtu: huyu ndiye mwenye funguo, hili ndilo grupu, haya ndiyo maneno. Mistari ile ikishatuma, inakufa. Haibaki mlangoni kusikiliza. Kwa hiyo alipojibu lile tangazo, neno lake "endelea" lilifika kwenye seva za Telegram na kuwekwa hapo lichukuliwe na boti, ila hakukuwa na programu yoyote upande wa pili iliyokwenda kulichukua. Telegram huyahifadhi maneno ya namna hiyo kwa muda usiozidi saa 24, kisha huyatupa. "Sawa, endelea" yake ilikufa hivyo. Msaidizi wa AI hakuisikia kamwe. Hata kwamba kuna grupu hakujua.

Ndiyo maana huwa nasikitika pia mtu akisema "AI iko kwenye grupu letu, inasoma tunayoandika." Katika mpango wa aina hii, haimo. Kwenye Slack na Discord, majukwaa mengine ya mazungumzo ya kikundi, mara nyingi hakuna hata boti. Unapewa anwani ndefu ya siri, na yeyote aliye nayo anaweza kudondosha maneno kwenye grupu, lakini kwa anwani hiyo huwezi kusoma mazungumzo yenu. Ni kama tundu la kutumbukizia barua. Linalofaa kuwatia wasiwasi ni tofauti: ukiibandika anwani hiyo mahali pa wazi pamoja na programu yako, kesho mtu usiyemjua atakuwa anawaarifu habari zake.

Mfano tulio nao wote mfukoni ni SMS ya M-Pesa. Inakuambia umepokea kiasi gani, kutoka kwa nani, saa ngapi, na salio ni nini. Sijaona mtu akiijibu "asante, niongezee". Tunajua bila kufundishwa kwamba inatujulisha tu. Ajabu ni kwamba maneno yaleyale yakiletwa na AI, kwa kuwa yameandikwa kwa adabu na kwa sentensi kamili, tunamwona mjumbe amesimama mlangoni na tunaanza kumtafutia kiti.

Je, majibu yanaweza kurudishwa? Yanaweza. Unaandika programu ya pili inayokaa macho, inachukua yanayosemwa kwenye grupu na kumpelekea msaidizi. Hapo umepata mjumbe wa kweli, na hapo neno ujumbe ni halali yake. Lakini fikiria kwanza nani yumo kwenye lile grupu. Kila anayeweza kuandika "endelea" atakuwa ameshika usukani wa kompyuta yako, pamoja na yule binamu aliyeongezwa mwaka juzi kwa ajili ya mchango wa harusi na hajatoka mpaka leo.

Basi, omera, ndugu yangu, sikukasirikii. Siku nyingine simu ikilia ukiwa Dunga, sema "nimepata arifa," kisha mpigie aliyebaki ofisini asogee kwenye kompyuta yako, asome swali lote mpaka mwisho na akubonyezee ruhusa kama inastahili. Au mwambie mama akufungie huyo ngege uje naye.