Kisima Kinapolipia Lami: Kura ya Texas ya 2014

Mwaka 2013 idara ya barabara ya Texas ilitangaza jambo nililodhani ni mzaha: maili 80 hivi za lami zingerudishwa kuwa changarawe. Na si kwamba jimbo lilikuwa limefilisika. Mafuta yalikuwa yakibubujika, na hayo ndiyo yaliyoziua barabara. Malori ya mchanga, maji na mafuta ghafi yalipishana usiku kucha kwenye vibarabara vya mashambani, hadi lami ikawa kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Kazi yangu ni bajeti za umma. Madereva wenzetu wa Houston wakiniuliza nani hulipia barabara, huanza na kodi ya petroli: senti 20 kwa galoni, tangu 1991. Kwa kuwa si asilimia ya bei, saruji ikipanda senti hubaki zilezile. Tena robo yake huenda kwenye elimu. Wanasiasa waliiogopa kama nyuki, wakaenda kuchota kwingine.

Kwingine kwenyewe kulikuwa kodi ya uchimbaji wa mafuta na gesi. Tangu 1988, robo tatu ya makusanyo yanayozidi yale ya 1987 ilikuwa ikiingia kwenye akiba ya jimbo. Wenyewe huiita "mfuko wa siku ya mvua", yaani wa siku ya shida. Sisi tuliozoea kuomba mvua hatuna budi kucheka. Novemba 4, 2014, wapiga kura waliulizwa kama fungu hilo ligawanywe, nusu iende barabarani. Yaani kodi ikizidi kwa dola 100, dola 75 hutengwa: 37.50 akiba, 37.50 barabara. Barabara za kulipia hazipati hata senti. Takriban asilimia 80 walisema ndiyo.

Nami ningepiga ndiyo, lakini kwa shingo upande. Daraja kubwa huchukua miaka kulijenga, ilhali bei ya pipa hubadilika kabla ya chai kupoa. Mgao wa kwanza ulikuwa kama dola bilioni 1.7. Bei ikaanguka, na mwishoni mwa 2016 zikaja takriban milioni 440, wakati idara ilikuwa imesema inahitaji nyongeza ya bilioni 5 kila mwaka.

Mwaka 2015 wananchi waliitwa tena kupiga kura, safari hii juu ya bilioni 2.5 kwa mwaka kutoka kodi ya mauzo. Wakakubali. Kodi ya petroli bado ni senti 20.