Mitandao ya kijamii katika uamuzi wa mkimbizi kuhama

Ukiwaona Wahabeshi (Waethiopia) waliokamatwa wakielekea Afrika Kusini, kandokando ya barabara ya TANZAM iendayo Zambia, kati ya Makambako na Tunduma, ni rahisi kudhani walikuja bila kujua waendako. Wengi waliulizia kwanza kwa simu. (Lori moja huchanganya wakimbizi na watafuta maisha, namna ya kuulizia ni ileile.)

Wanaoulizwa ni wa aina tatu. Ndugu na marafiki wa karibu hutuma nauli na kumpokea msafiri. Watu wa mbali kidogo, kama aliyesoma naye au jirani wa zamani, huleta habari mpya. Mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika kuhusu nguvu ya watu hao mwaka 1973, kwani ndugu zako mara nyingi wanajua unayoyajua tayari. Aina ya tatu ni wasiofahamiana kabisa, wanaokutana kwenye makundi ya Facebook au Telegram. Hii ndiyo aina ambayo mitandao ya kijamii imeiongeza.

Habari haziaminiwi sawasawa. Utafiti wa Uholanzi kuhusu Wasyria, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa wanapendelea habari ya mtu wanayemjua, hasa aliyepita njia hiyo mwenyewe. Huangalia nani kaitoa, humuuliza ndugu, kisha hulinganisha na wanayosema wengine.

Uchujaji huo una matundu. Aliyefungua duka Johannesburg huweka picha. Aliyeko mahabusu hana simu ya kuwekea chochote. Ujumbe wa sauti kwamba mpaka "uko wazi" huendelea kusambazwa wakati doria imeshabadilika. Madalali, yaani wanaosafirisha watu kwa magendo, nao wamo humohumo kwenye makundi, wakijifanya wasafiri waliofika salama.

Tatizo kubwa huanza njiani. Tanzania, laini husajiliwa kwa alama za vidole pamoja na kitambulisho au hati. Asiye na hati hutegemea simu ya dalali, na wengine hunyang'anywa hata za kwao. Kuanzia hapo msemaji ni mmoja tu, naye ndiye muuzaji. Machi 2020, Waethiopia 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji, kwenye lori lililotoka Malawi, 14 walinusurika. Bei na njia huweza kuulizwa mtandaoni kabla ya kuondoka. Watapakiwa wangapi na hewa itapita wapi hujulikana mlango ukishafungwa.

Wenye tahadhari huacha fedha kwa mtu wa hawala (utumaji fedha wa kuaminiana, nje ya benki), asiyemlipa dalali mpaka msafiri apige simu kwamba amefika.